Zana za bure mtandaoni: mwongozo kamili wa kuzichagua na kuzitumia bila kugawa mafaili yako

Ukitafuta mtandaoni namna ya kupunguza ukubwa wa PDF bure, utaletewa kurasa zisizo na mwisho. Zote zinaahidi jambo lile lile, zote zina kitufe kikubwa katikati, na nyingine zimekopiana hadi rangi. Zana za bure zimejaa tele. Kazi ni kujua ipi unaweza kuiachia faili lako na ipi imewekwa kukuvizia. Machi 2025 ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, ilitoa onyo rasmi kuhusu tovuti za bure za kubadilisha mafaili: baadhi yake hufanya kazi uliyoomba, lakini faili unalorudishiwa limepachikwa programu hasidi, au yaliyomo ndani ya faili lako yanachujwa ili kupata nywila na namba za siri.

Kwa sababu hiyo sitaanza na orodha ya tovuti. Kuna swali la kujiuliza kabla ya kubonyeza kitufe chochote, na ukilizoea, orodha utaweza kujitengenezea mwenyewe: nikiliweka faili langu hapa, linakwenda wapi?

Kujua kama faili linatoka kwenye kompyuta yako

Zana za mtandaoni ni za aina mbili, ingawa kwa macho zinafanana. Aina ya kwanza hupakia faili lako kwenye seva, yaani kompyuta ya mwenye tovuti, hulifanyia kazi huko, kisha hukupa kiungo cha kupakua matokeo. Aina ya pili huleta programu ndani ya kivinjari chako na kazi yote hufanywa na kompyuta yako mwenyewe, faili halitoki. Aina hii ya pili imeongezeka tangu 2017, vivinjari vikubwa vilipoanza kukubali WebAssembly, teknolojia inayowezesha programu nzito kufanya kazi ndani ya ukurasa wa kawaida kwa kasi inayokaribia ile ya programu iliyosakinishwa.

Tovuti nyingi hudai kuwa za aina ya pili. Usiamini tangazo, pima:

1. Fungua tovuti na usubiri ukurasa umalize kufunguka kabisa.
2. Zima Wi-Fi au chomoa waya wa intaneti.
3. Weka faili la majaribio lisilo na siri yoyote, kisha bonyeza kitufe cha kufanya kazi.
4. Likikamilika na ukaweza kulihifadhi, kazi imefanyika kwenye kompyuta yako. Likikwama, yamkini zana inategemea seva.
5. Funga kichupo hicho kabla ya kurudisha intaneti.

Hatua ya tano watu huiruka. Ukurasa ulioachwa wazi unaweza kusubiri mtandao urudi, kisha ukatuma ulichokishika. Na katika hatua ya nne nimesema "yamkini" kwa makusudi: zana nyingine hupakua sehemu zake kidogo kidogo kadiri unavyozihitaji, hivyo inaweza kukwama bila intaneti ingawa hailipeleki faili popote. Jaribu mara moja ukiwa na mtandao, kisha rudia bila mtandao.

Je, zana inayopakia mafaili ni mbaya? Hapana. Tangazo la mkutano, ratiba, kijitabu ambacho kila mtu anacho, pakia bila wasiwasi. Lakini nakala ya kitambulisho, mkataba, majibu ya hospitali, taarifa ya benki au kazi ya mwajiri wako, hizo zibaki kwenye kompyuta yako. Ahadi ya "tunafuta baada ya muda mfupi" inaweza kuwa ya kweli, ila huna namna ya kuihakiki.

PDF: nusu ya kazi haihitaji tovuti

Hapa ndipo watu wengi wanapotoa siri zao bila sababu, maana mengi wanayoyatafuta tayari wanayo ndani ya kivinjari.

Chukua mfano wa kukata kurasa. Una PDF ya kurasa 40 na unataka kutuma ya 3 hadi ya 5 tu. Liburute faili hilo hadi kwenye dirisha la Chrome, Edge au Firefox, litafunguka. Bonyeza Ctrl na P kana kwamba unataka kuchapisha. Kwenye sehemu ya printa chagua "Hifadhi kama PDF", kwenye kurasa andika 3-5, kisha hifadhi. Umepata PDF mpya yenye kurasa tatu na hakuna aliyeiona. Njia hiyo hiyo hugeuza ukurasa wowote wa tovuti kuwa PDF: risiti, tiketi, au makala unayotaka kusoma baadaye bila intaneti.

Kujaza fomu nako hakuhitaji mtu wa kati. Tangu mwaka 2022 Firefox inakuruhusu kuandika maneno na kuchora kwa mkono juu ya PDF. Fungua faili, tafuta alama ya herufi au kalamu upande wa juu kulia, jaza, hifadhi.

Kuunganisha mafaili kadhaa kuwa moja, au kupunguza ukubwa, ndiko kunakohitaji zana. Kwa mafaili yasiyo na siri, iLovePDF, Smallpdf na PDF24 zote zinafanya kazi vizuri. Kati ya hizo naipendelea PDF24, kwa sababu mbili. Haikuwekei kikomo cha kazi kwa siku ili ulipie, na ina programu ya Windows ya bure, PDF24 Creator, yenye karibu zana zile zile lakini inayofanya kazi bila intaneti. Ukishughulika na PDF kila wiki, sakinisha hiyo programu na usahau tovuti.

Unapopunguza ukubwa, elewa kinachopunguzwa. PDF nzito mara nyingi ni nzito kwa sababu ya picha zilizomo. Iliyotokana na maandishi ya kompyuta haitapungua sana hata ukiisukuma vipi, lakini iliyoskaniwa inaweza kushuka kutoka megabaiti 20 hadi chini ya 3. Jaribu kiwango cha kati kwanza, kisha kuza matokeo na uangalie kama saini na maandishi madogo bado yanasomeka. Mara nyingi faili lililobanwa kupita kiasi hugunduliwa likiwa tayari limefika kwa mpokeaji.

Jambo jingine, na ni la kuwa nalo makini sana: kuficha maneno. Ukichora kisanduku cheusi juu ya namba ya akaunti kwenye PDF, kisanduku hufunika tu. Namba bado ipo chini yake, na yeyote anaweza kuichagua kwa kipanya, kuinakili na kuibandika kwingine. Njia ya uhakika kwa mtu wa kawaida ni kufunika kwa rangi nyeusi isiyopenyeza mwanga, kisha kupiga picha ya skrini na kutuma picha hiyo badala ya PDF yenyewe. Ubora unashuka kidogo, lakini kilichofichwa hakipo tena. Na usitumie ukungu au vigae badala ya weusi. Maandishi yaliyofifishwa kwa njia hizo yanaweza kukisiwa.

Kugeuza picha ya maandishi kuwa maandishi

Una karatasi iliyoskaniwa na unahitaji kuihariri bila kuichapa upya. Kama una akaunti ya Google, huna haja ya tovuti nyingine:

1. Pakia picha au PDF kwenye Google Drive.
2. Ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya.
3. Chagua kuifungua kwa Google Docs.

Baada ya muda mfupi utapata waraka wenye picha juu na maandishi yake chini. Jedwali na safu huvurugika, hilo lizoee. Kinachoamua matokeo ni picha yenyewe: karatasi ilale bapa, mwanga uwe sawa kila upande, na mistari isiinamie upande. Mwandiko wa mkono hutoka na makosa mengi, na kwa karatasi ya namna hiyo mara nyingi kuchapa upya kunachukua muda mfupi kuliko kusahihisha. Kumbuka pia kwamba faili hili limepanda kwenye seva, kwa hiyo lile swali la mwanzo linahusika hapa pia.

Picha

Zana moja ningeiweka kwenye kompyuta ya kila mtu: Squoosh, iliyotengenezwa na kikosi cha Chrome cha Google na kutolewa 2018. Iko squoosh.app, na inafanya kazi yote ndani ya kivinjari. Picha ya simu ya siku hizi ina upana wa nukta 4000 au zaidi, na fomu ya maombi inakudai isizidi kilobaiti 300. Fanya hivi:

1. Buruta picha hadi kwenye ukurasa. Itagawanywa na mstari wa wima: kushoto ni ya asili, kulia ni iliyobanwa.
2. Upande wa kulia washa sehemu ya kubadilisha vipimo, uandike upana wa 1600. Urefu utajirekebisha wenyewe.
3. Chini yake chagua MozJPEG, na ubora uuache kwenye 75.
4. Sogeza ule mstari kushoto na kulia ukilinganisha. Angalia nyuso na maandishi, usiangalie anga.
5. Ukubwa mpya umeandikwa pembeni. Kama bado ni mkubwa, punguza upana kwanza kabla ya kugusa ubora.

Hatua ya mwisho ina sababu. Picha ndogo yenye ubora mzuri husomeka kuliko picha kubwa iliyochakachuliwa hadi ikajaa madoa.

Kuna faida nyingine ambayo haitangazwi sana. Picha za simu hubeba taarifa zilizofichika: tarehe, aina ya simu, na ikiwa uliruhusu, mahali hasa ulipokuwa. Squoosh huichora picha upya na taarifa hizo hazivuki. Kwa mtu anayeuza kitu mtandaoni na hataki wageni wajue anakoishi, hilo peke yake linatosha kuwa sababu ya kuitumia.

Kwa uhariri wa kweli, yaani kukata, kuandika juu ya picha, kufuta kitu, au kufanya kazi kwa tabaka, nenda Photopea. Imetengenezwa na Ivan Kutskir, na mtu aliyezoea Photoshop hahitaji kufundishwa, maana menyu zimepangwa vile vile. Inafungua mafaili ya PSD, yaani yale ya Photoshop, na pia picha za HEIC kutoka iPhone ambayo kompyuta nyingi za Windows huyagomea. Inajilipia kwa matangazo yaliyo pembeni, na mafaili hayatoki kwenye kompyuta yako. Ina hatari moja: ukifunga kichupo bila kuhifadhi, kazi imepotea. Kila baada ya hatua kubwa hifadhi nakala ya PSD, na ukimaliza ndipo utoe JPG au PNG kupitia menyu ya faili.

Kuondoa mandhari ya nyuma ya picha, remove.bg hufanya hivyo kwa sekunde chache. Toleo la bure hukupa picha ndogo, inayotosha kwa wasifu lakini si kwa kuchapishwa. Nayo hupakia, kwa hiyo picha za watoto wa watu zisipitie huko.

Kutuma faili kubwa

Barua pepe hukwama kwenye megabaiti 25 hivi. Kabla ya kutafuta tovuti, jiulize mpokeaji yuko wapi.

Akiwa chumba kimoja nawe, au unataka tu kuhamisha picha kutoka simu yako hadi kompyuta yako, fungua pairdrop.net kwenye vifaa vyote viwili vikiwa kwenye Wi-Fi moja. Kila kifaa hupewa jina la rangi na mnyama, na kila kimoja hukiona kingine kwenye skrini. Bofya jina la kifaa kingine, chagua faili, upande wa pili akubali. Faili linapita moja kwa moja kati ya vifaa. Halipandi kwenye seva, na kwa kawaida halili bando lako, zaidi ya ule ukurasa wenyewe kufunguka. Vifaa visipoonana, mara nyingi Wi-Fi ya ofisi au ya hoteli imezuia vifaa kuwasiliana. Washa hotspot ya simu, unganisha kompyuta hapo, ujaribu tena.

Akiwa mbali, chaguo langu la kwanza ni Wormhole, wormhole.app. Faili linasimbwa kwenye kivinjari chako kabla ya kuondoka, na ufunguo wa kulifungua umo ndani ya kiungo unachomtumia mwenzako, kwa hiyo mwenye seva hawezi kulisoma. Kikomo ni gigabaiti 10 na kiungo hufa baada ya saa 24. Faili linapozidi gigabaiti 5 linatoka moja kwa moja kwenye kompyuta yako, hivyo usifunge ukurasa hadi mwenzako amalize kupakua. Kwa mzigo mkubwa zaidi, SwissTransfer inapokea hadi gigabaiti 50, haidai akaunti, na unaweza kuuacha hapo hadi siku 30.

Kiungo ndiyo funguo. Ukikibandika kwenye kundi la watu 200, umewapa wote 200.

Kukagua faili au kiungo unachokitilia shaka

VirusTotal ilianzishwa Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google 2012. Badala ya kutegemea antivairasi moja, inalikagua faili lako kwa zaidi ya injini 70 za antivairasi za kampuni mbalimbali kwa mkupuo. Ukurasa una sehemu tatu: ya faili, ya anwani ya tovuti, na ya kutafuta. Watu wengi hutumia ile ya kwanza tu, na ndiyo inayohitaji tahadhari zaidi, kwa sababu chochote unachopakia hapo hugawiwa kampuni za usalama na wateja wao wanaolipia. Ndivyo huduma ilivyoundwa, wala hawafichi. Kwa hiyo programu uliyoipakua, ipeleke. Waraka wa ofisi wenye majina na mishahara, usiupeleke.

Kuna njia ya kuuliza bila kupakia. Kila faili lina hashi yake ya SHA-256, mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Likibadilika kidogo tu, mfuatano wote unabadilika.

1. Kwenye Windows fungua folda lilipo faili, shika Shift huku ukibofya kulia sehemu tupu, uchague kufungua PowerShell au Terminal hapo.
2. Andika Get-FileHash, acha nafasi, kisha jina la faili likiwa ndani ya alama za nukuu. Bonyeza Enter. Kwenye Mac amri ni shasum -a 256, na kwenye Linux ni sha256sum.
3. Nakili ule mfuatano, uubandike kwenye sehemu ya kutafuta ya VirusTotal.

Kama faili hilo liliwahi kukaguliwa na mtu mwingine, utaona majibu yake papo hapo. Programu maarufu karibu zote zimo. Lisipokuwemo kabisa, nayo ni taarifa: faili linalodaiwa kuwa la programu inayotumiwa na mamilioni ya watu, ila VirusTotal haijawahi kuliona, lina kasoro mahali fulani.

Majibu yenyewe yasome kwa akili. Injini moja au mbili zisizojulikana zikilalamika na nyingine 70 zikanyamaza, mara nyingi ni kengele ya uongo. Kumi zikilalamika, futa faili. Na sifuri haimaanishi salama moja kwa moja, kwa sababu virusi vilivyotengenezwa jana vinaweza kupita bila kuonekana. Angalia pia tarehe ya ukaguzi. Ikiwa ni ya zamani, kuna kitufe cha kuomba ukaguzi mpya.

Kwa viungo vinavyokuja kwa ujumbe, usivibofye ili kuvinakili. Kwenye kompyuta bofya kulia na unakili anwani. Kwenye simu shikilia kidole hadi menyu itokee. Kisha bandika kwenye sehemu ya anwani. Ila kama kiungo kina ufunguo wako binafsi, mfano kile cha kubadilisha nywila au kile cha Wormhole, usikipeleke VirusTotal, maana matokeo yake yanaonwa na wengine.

Nywila zilizovuja

Desemba 2013 Troy Hunt, mtaalamu wa usalama kutoka Australia, alianzisha Have I Been Pwned, tovuti inayokusanya taarifa za uvujaji wa data. Andika barua pepe yako kwenye haveibeenpwned.com na utaonyeshwa ni tovuti zipi zilivuja zikiwa na taarifa zako, lini, na nini hasa kilivuja: barua pepe tu, au nywila, namba ya simu, anwani. Usishtuke ukikuta orodha ndefu, hasa kama barua pepe yako ina miaka mingi. Kinachotakiwa ni kubadilisha nywila ya kila tovuti iliyotajwa, kisha, na hapa ndipo penye kazi, kila mahali pengine ulipotumia nywila hiyo hiyo. Jiandikishe pia kwa arifa ili uvujaji mpya ukufikie kwa barua pepe.

Sehemu yake nyingine hukagua nywila yenyewe. Kuandika nywila yako kwenye tovuti ya mtu kunaonekana ni wazimu, na kwa kawaida ni wazimu kweli, ila hapa mbinu iliyotumika inafaa kueleweka. Kivinjari chako kinakokotoa hashi ya nywila na kutuma herufi tano za mwanzo tu. Seva inarudisha hashi zote inazozijua zinazoanza na herufi hizo, mamia kwa mamia, na kivinjari chako ndicho kinachotafuta kama yako imo. Tovuti haijui ulichoandika. Bado usifanye zoea hilo kwingine.

Dawa ya kudumu ni mtunza nywila, programu inayokuhifadhia nywila zako zote nyuma ya nywila kuu moja. Bitwarden ni programu huria, na toleo lake la bure halina kikomo cha idadi ya nywila wala ya vifaa. Ukianza:

1. Fungua akaunti, na kwa nywila kuu tumia maneno sita yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, si sentensi uipendayo wala mstari wa wimbo. EFF, shirika la Marekani linalotetea haki za watumiaji wa mtandao, lilitoa mwaka 2016 orodha ya maneno 7,776 kwa ajili hiyo hasa: unarusha dadu tano, namba zinakupa neno, unarudia mara sita.
2. Andika nywila kuu kwenye karatasi na uihifadhi mahali pa siri. Ukiisahau, Bitwarden hawawezi kukurudishia.
3. Sakinisha kiendelezi chake, yaani programu ndogo inayoongezwa, kwenye kivinjari.
4. Usijaribu kuhamisha akaunti zote siku moja. Anza na barua pepe, kwa kuwa anayeishika anaweza kubadilisha nywila za kwingine kote, kisha benki. Nyingine zihamishe kila unapoingia humo.

Kutafuta, na kurudisha kilichofutwa

Alama chache kwenye Google zinaokoa muda kuliko zana yoyote. Weka maneno ndani ya alama za nukuu ili yatafutwe yalivyo. Weka alama ya kutoa mbele ya neno usilolitaka. Andika site: na jina la tovuti ili kutafuta humo tu, bila kuacha nafasi baada ya nukta mbili, filetype:pdf ili kupata vitabu na ripoti, before:2020 ili kuona yaliyoandikwa kabla ya mwaka huo. Zichanganye: filetype:pdf pamoja na jina la kifaa ndani ya nukuu ndiyo njia ya haraka ya kupata kitabu cha maelekezo cha mashine ambayo muuzaji wake ameshaisahau.

Ukurasa ukiwa umekufa, nakili anwani yake na uibandike kwenye web.archive.org. Hiyo ni Wayback Machine ya Internet Archive, shirika lililoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996. Utaona miaka kwenye mstari wa juu na kalenda chini. Siku zenye duara ndizo zenye nakala. Ukikuta nakala ya karibuni ni tupu, rudi nyuma hadi kabla tovuti haijaharibika. Na unaweza kuitumia kinyume: kuna sehemu ya kuhifadhi ukurasa sasa hivi. Tangazo la kazi, masharti ya huduma, ahadi ya muuzaji. Chochote unachodhani kinaweza kubadilishwa kesho, kihifadhi leo na utunze kiungo. Kurasa zinazodai uingie kwa nywila hazihifadhiki.

Kwa picha inayosambaa na maelezo ya kutia shaka, tumia TinEye, tovuti unayoipa picha badala ya maneno nayo ikatafuta ilikowahi kuonekana; hukuruhusu kupanga matokeo kuanzia ya zamani kabisa. Picha inayodaiwa kuwa ya jana ikionekana ilikuwa mtandaoni miaka sita iliyopita, hukumu imeshatoka. TinEye isipopata kitu, jaribu Google Lens, ambayo ni nzuri zaidi kwa kutambua mahali na vitu.

Intaneti ikiwa nzito

Fast.com ni ya Netflix, na inaanza kupima kasi ya intaneti yako mara tu ukiifungua. Speedtest ya Ookla inaongeza kasi ya kupakia na ucheleweshaji. Zitumie zote mbili: Fast.com hupima kwa seva za Netflix zenyewe, kwa hiyo ikionyesha kasi ndogo sana kuliko Speedtest, inawezekana mtoa huduma wako anabana video. Tarakimu unayoiona ni megabiti; igawe kwa 8 kupata megabaiti. Kasi ya 40 ni megabaiti 5 kwa sekunde, na faili la megabaiti 600 litachukua dakika mbili. Kipimo chenyewe hula data, usikirudie ovyo ukiwa kwenye bando. Tovuti moja tu ikigoma na nyingine zinafunguka, Downdetector itakuonyesha kama wengine nao wanalalamika.

Unapohitaji kitu ambacho hakimo humu

Kwa kompyuta mpya ya Windows, Ninite hukuwekea programu za kawaida kwa mkupuo bila vikorombwezo vinavyojipenyeza: weka alama kwenye unazozitaka, pakua faili moja, lifungue. Kwa mahitaji mengine tafuta AlternativeTo, tovuti inayoorodhesha programu mbadala. Andika jina la programu ya kulipia unayoijua, kisha chuja kwa bure, na ukiweza kwa huria. Soma maoni ya karibuni, si ya miaka mitano iliyopita, maana zana za bure hubadilisha wamiliki na tabia.

Ukishapata inayokufaa, hifadhi anwani yake kwenye alamisho za kivinjari na uifungue kutoka hapo kila mara. Kutafuta jina lake upya ndiko kunakowaingiza watu kwenye matangazo ya juu, ambako tovuti bandia hulipia nafasi zikitumia jina linalotofautiana kwa herufi moja. Na tovuti ya kubadilisha faili ikikudai usakinishe kiendelezi au faili la exe ndipo upate matokeo yako, ifunge.